Stakabadhi Ina Jina la Baba

Babu alipofariki, mwaka 2016, alituachia sanduku la bati lililokuwa limelala chini ya kitanda chake miaka yote niliyomfahamu. Wajukuu tulikuwa tumekwisha kuzigawana hela zake vichwani. Baba mkubwa alipolifungua mbele ya ukoo, zikatoka karatasi: kadi ya TANU, kadi ya CCM, picha moja iliyoliwa nusu na mende, na stakabadhi za pamba, bunda juu ya bunda, zimefungwa kwa ugwe wa katani. Baba mkubwa akasema, "Mzee katuachia shamba la karatasi." Watu wakacheka, na matanga yakapata uhai kidogo. Mimi nikaziomba zile stakabadhi, nikapewa, maana hakuna mwingine aliyezitaka.

Nilikuwa kidato cha pili. Sikujua nitazifanyia nini. Nilipomaliza kidato cha nne mwaka 2018, matokeo yakanionyesha mlango wa kutokea, nikaamua kwamba basi mimi nitakuwa mwandishi wa riwaya. Msinicheke, ninyi wenzangu mnaosoma gazeti hili mnajua hali ilivyo. Riwaya yangu ya kwanza ingekuwa juu ya ushirika wa pamba huko kwetu Usukuma, na shujaa wake angekuwa kijana mwenye penseli sikioni anayepambana na mizani za wizi. Nilikwisha kumpa jina, sauti nene na mchumba. Kilichobaki ni kumpa historia.

Historia yenyewe niliipata kidogo kidogo, kwenye maktaba ya mkoa hapa Mwanza na midomoni mwa wazee. Pamba haikuanza kwa hiari katika nchi hii. Wajerumani waliilimisha kwa nguvu, na kule kusini mashamba hayo ya kulazimishwa yakawa mojawapo ya kuni zilizowasha Vita vya Maji Maji mwaka 1905. Huku Kanda ya Ziwa ilishika mizizi hasa chini ya Waingereza, kati ya zile vita kuu mbili, na katika miaka ya 1930 kikafunguliwa kituo cha utafiti pale Ukiriguru, kusini ya Mwanza. Mbegu zake majina yao huanza na UK, na mimi hadi darasa la sita niliamini kwamba ile UK91 tuliyokuwa tukipanda imeletwa kwa meli kutoka Uingereza. Kumbe UK ni Ukiriguru, bwana!

Mkulima alilima, lakini kiwanda cha kuchambulia pamba hakikuwa chake, lori halikuwa lake, na mizani haikuwa yake. Viwanda vilikuwa mikononi mwa wafanyabiashara ambao wengi wao walikuwa na asili ya Asia, na karani wao ndiye aliyesoma mshale. Mkulima asiyejua kusoma anatajiwa ratili zake, anapokea senti zake, anaondoka akinung'unika. Mwanzoni mwa miaka ya 1950 wakulima wakaanza jambo ambalo mimi naliona la akili sana kwa jinsi lilivyo jepesi. Waliweka watu wao wenyewe, wakawalipa kwa fedha zao, wasimame kando ya mizani ya mnunuzi na kupima upya. Hawakuvunja kitu wala kumpiga mtu. Walipima tu.

Kutokana na vuguvugu hilo kikatokea chama cha wakulima cha Jimbo la Ziwa, Paul Bomani akiwa mbele yake, na mwaka 1955 vyama vya msingi vikaungana katika Victoria Federation of Co-operative Unions. Ulipofika uhuru, muungano huo ulikuwa ukihesabiwa miongoni mwa vyama vya wakulima vilivyo vikubwa barani Afrika, na ulikuwa na viwanda vyake wenyewe vya kuchambulia pamba. Bomani akawa Waziri wa Fedha wa nchi huru. Watu waliokuwa wakiibiwa ratili kwenye magulio walimtoa waziri wa kushika mfuko wa taifa. Niambie kama hiyo si riwaya.

Yaliyofuata nayapitia haraka, na tena sihitaji kitabu, maana yanaonekana kwenye stakabadhi za babu. Kichwa cha karatasi kinabadilika kila baada ya miaka. Kwanza ni chama cha msingi cha kijiji chetu chini ya Federation. Mwishoni mwa miaka ya 1960, baada ya tume ya serikali ya mwaka 1966 kuchunguza vyama vya ushirika, ni Nyanza. Mwaka 1976 serikali ikavivunja vyama vikuu, na kichwa kikawa cha Mamlaka ya Pamba. Mwaka 1984 vyama vikarudishwa, upande wetu kikawa SHIRECU. Baada ya mwaka 1994 wanunuzi binafsi wakaruhusiwa, na hapo karatasi zinakuwa za kila rangi, nyingine ni kipande tu cha daftari la shule kilichoandikwa kwa kalamu. Ratili zinageuka kilo. Kitu kimoja tu hakibadiliki kutoka juu ya bunda hadi chini: jina la muuzaji. Ni la babu, herufi kubwa, miaka yote.

Niliona fahari, sikufichi. Nikazibeba stakabadhi hizo mwaka 2019, nikapanda basi kwenda kijijini kwetu, wilaya ya Maswa, nimsomee bibi.

Nilimkuta asubuhi chini ya mwembe akimenya viazi vya michembe. "Mwangaluka, bibi." "Mwangaluka, mjukuu wangu. Mhola?" "Mhola." Nikakaa kwenye kigoda, nikampa habari za mjini, kisha nikaanza kumweleza kitabu changu.

Bibi hajui mwaka aliozaliwa. Anachojua ni kwamba alikuwa tayari anachunga ndama wakati yule mtu wa daftari alipoanza kusimama gulioni. Anamkumbuka vizuri. Anasema baba yake alitoka nyumbani usiku wa manane na mzigo wa pamba kichwani, mama yake nyuma na mzigo mwingine, yeye bibi nyuma kabisa na kibuyu cha maji, na walipofika kulikuwa na msululu mpaka kwenye mbuyu. "Karani wa Mhindi alikuwa akimtazama yule mtu wetu kama unavyotazama nyoka aliyeingia kwenye kibuyu chako," alisema. "Huwezi kumpiga, utavunja kibuyu."

Nilifurahi mno. Nikatoa daftari nikaandika. Hapo bibi akaacha kumenya.

"Sasa huyo kijana wako wa kitabuni, pamba yake ilichumwa na nani?"

"Yeye mwenyewe, bibi."

"Ana mikono mingapi?"

Nilinyamaza. Nilimpa shujaa wangu penseli, mchumba na sauti nene, nikasahau kumpa watu wa kumchumia pamba. Na mimi si mtoto wa mjini. Mimi nimechuma. Sijui niliwezaje kusahau.

Tuliishi kwenye kijiji cha mstari, kile kilichopangwa wakati wa Operesheni Vijiji mwaka 1974, ambapo bibi anasema walihamishwa kutoka kwenye kaya yao iliyokuwa katikati ya shamba lao. Nyumba zikapangwa kama watoto wa shule paredi, lakini mashamba yalibaki kulekule yalikokuwa. Kwa hiyo mimi, niliyezaliwa zaidi ya miaka 25 baadaye, nilikuwa natembea saa nzima kwenda shambani na saa nzima kurudi kwa sababu ya uamuzi uliopitishwa kabla baba yangu hajaanza shule. Utotoni sikujua kama hiyo ni historia. Nilijua tu kwamba miguu inauma.

Mvua za Novemba zikinyesha, kazi ya kwanza ilikuwa ya baba na ya ng'ombe. Tulikuwa na maksai wawili, mmoja akiitwa Mzungu kwa weupe wake, mwingine Shilingi, maana alinunuliwa siku ambayo mzee hakubakiwa na hata moja. Baba ameshika plau, mimi natangulia na kamba niwaongoze, na kazi yangu kubwa ilikuwa kutokukanyagwa. Nyuma yetu wanakuja mama na dada, wanafukia mbegu. Mama ana mtoto mgongoni. Shimo, mbegu, unyayo. Shimo, mbegu, unyayo. Walikuwa wanazifunika kwa mguu bila kuinama, kwa mwendo uliofanana kabisa, na ukiwatazama kutoka mbali ungesema wanacheza ngoma moja ambayo haina mpigaji.

Kisha palizi. Sitaki kuzungumza sana juu ya palizi, hakuna aliyewahi kuipenda. Palizi ya kwanza, kupunguza miche, palizi ya pili, na katikati yake mahindi na mtama navyo vinadai, na kashamba ka karanga ka mama kanangoja siku ambayo hakuna kazi nyingine, yaani kanangoja hadi nyasi zinakafunika. Wakati mwingine tuliita kikundi cha vijana waje walime siku moja kwa ngoma, majembe yakipanda na kushuka pamoja, na malipo yao yalikuwa mbuzi na ugali. Hiyo ni desturi ya zamani sana Usukumani. Ngoma ya bugobogobo mnayoiona kwenye sherehe za serikali, watu wamevaa sare na kurusha majembe juu, ilitoka humo, kwenye jasho. Nisisahau pia dawa ya funza wa vitumba. Baba anapulizia na bomba mgongoni, sisi tunasomba maji kutoka lamboni, na jioni macho yake ni mekundu na mama anamnywesha maziwa.

Lakini kuchuma ndiko kunakonirudia hata sasa ninapolala. Mwezi Juni. Huwezi kuchuma alfajiri kwa sababu ya umande, pamba mbichi itaoza ndani ya gunia, hivyo tunafika shambani mapema na tunangoja. Saa hiyo ya kungoja ndiyo ilikuwa saa yetu kama familia. Tunakaa kwenye tuta, tunakula michembe iliyopikwa na karanga, mama anatusimulia habari za watu waliokufa kama vile ni majirani waliotoka sasa hivi. Baba, ambaye nyumbani hakuwa msemaji, pale alikuwa anachekesha. Alikuwa anaiga jinsi kila jirani anavyotembea, na tunatakiwa kutaja jina. Jua likipanda umande unakauka, mama anasimama, anajifunga shuka kiunoni kutengeneza mfuko, na maneno yanapungua.

Makapi makavu ya kitumba yana ncha kama misumari midogo. Yanachoma kwenye pembe za kucha, siku ya kwanza damu, siku ya tatu vidole vinavimba, siku ya kumi vinakuwa vya mtu mwingine. Dada yangu, aliyenizidi miaka mitatu, alikuwa anachuma kwa mikono miwili, kila mkono na mstari wake, bila kuangalia. Mimi nilikuwa nachuma kwa mkono mmoja na kulalamika kwa mdomo mzima. Jioni tunachambua: safi huku, fifi huku. Pamba nyeupe isiyo na doa ni safi, ile ya manjano iliyotobolewa na wadudu ni fifi, na bei hazilingani. Mama alikuwa anarudia kukagua rundo langu la safi kimyakimya, asinitie aibu.

Tulikuwa tunaihifadhi ndani ya nyumba, chumba tulichokuwa tunalala watoto. Inajaa hadi karibu na paa. Tunalala juu yake. Nasikia watu wa mjini wakisifia magodoro, hawajui kitu. Ila kibatari kilikuwa marufuku kuvuka mlango huo, cheche moja tu na nyumba yote imekwenda, kwa hiyo miezi hiyo tulikuwa tunaingia kulala gizani kwa kupapasa, tunazama ndani ya pamba hadi shingoni, na dada ananisimulia masomo ya darasa la saba ambayo mimi sijafika. Na panya nao wanasikiliza.

Sasa nije kwenye mwaka 2012.

Mwanzoni mwa msimu wa 2011 bei ilikuwa imepita shilingi 1,000 kwa kilo, na kijiji kizima kilipagawa. Watu walilima pamba mpaka ukingoni mwa makaburi. Msimu uliofuata bei ikatangazwa shilingi 660. Soko la dunia limeanguka, tuliambiwa, na sisi tukatazamana, maana palizi haikuanguka, ilikuwa ileile. Wengine waligoma kuuza. Sisi tulingoja wiki kadhaa, kisha dawa tulizokopa zikaanza kudaiwa, na baba akasema tunauza.

Usiku mmoja akaja na mizani ya kuning'inia aliyoazima kwa muuza samaki. Akaifunga kwenye boriti, akatundika gunia la kwanza. Kilo 43. Akalishusha, akamwambia dada alete ndoo ya maji.

Hatukuhitaji maelezo. Kila mtu pale kijijini alijua kuna wanaonyunyizia pamba maji, na kuna wanaotia mchanga, na kila mtu alijua pia kwa nini: kwa sababu mizani ya gulioni inapunguza, mkulima anaongeza kabla haijapunguza. Dada akaleta ndoo. Baba akawa anachovya majani na kupukusa, safu kwa safu, kama padri anayebariki. Akalitundika tena. Kilo 47.

Bibi alikuwa amesimama mlangoni, sijui tangu lini. Hakuongea kwa ukali. Alisema, "Ng'wanawane, babu yako wa kwa mama alitoa hela yake mfukoni ili mizani isimame sawa. Hela ya kweli, siyo hii ya kwenu. Na wewe unaipinda kwa maji ya kisima changu."

Baba hakuinua uso. "Mama, wao wanaiba."

"Najua wanaiba. Nilikuwepo kabla yako."

Akarudi kulala. Baba alikaa muda mrefu na yale majani mkononi. Kisha akamalizia magunia mengine, yote kwa jumla yalikuwa 16.

Siku ya pili tulipakia kwenye mkokoteni wa Mzungu na Shilingi, tukaenda gulioni. Nilikuwa na hofu kwamba karani ataingiza mkono ndani ya gunia na kuukuta umelowa, maana niliwahi kuona mtu akirudishwa aianike pamba yake mbele ya halaiki. Hakuingiza mkono. Alitundika, akatazama, akasema, "Arobaini na mbili." Gunia lililofuata, arobaini na mbili. Nilimtazama baba. Baba alikuwa anatazama mshale, midomo imekazana, na hakuweza kusema neno, kwa kuwa angesema nini? Kwamba gunia langu lina kilo 47, nililipima jana baada ya kulitia maji? Karani alituibia pamba, sisi tukamwuzia maji, na bado tulipata kilo moja pungufu ya zile halali tulizokuwa nazo. Hadi leo nikilikumbuka nacheka, halafu sicheki tena.

Jumla kilo 672. Mara 660, shilingi 443,520. Kwa shilingi 1,000 ya mwaka uliotangulia ingekuwa 672,000. Hesabu hiyo dada aliifanya kichwani kabla karani hajabonyeza kikokotoo chake, na karani akamwambia baba, "Mzee, una kijana hapa." Baba akaweka dole gumba kwenye wino. Karani akaandika jina la baba, akachana stakabadhi.

Hela ile ilikwenda hivi, kadiri nilivyoweza kujua: deni la dawa, ndama mmoja jike, mabati machache, na siku tatu ambazo baba hakurudi nyumbani. Alirudi na kanga moja ya mama na biskuti zetu. Mama akazipokea kwa magoti yote mawili, kama inavyotakiwa. Sikusikia kauli yoyote kutoka chumbani kwao usiku ule, wala nyingine.

Mwezi Desemba matokeo ya darasa la saba yakabandikwa. Dada alichaguliwa kwenda sekondari ya kata. Ada ya kutwa wakati huo ilikuwa shilingi 20,000 kwa mwaka, na juu yake michango, sare, dawati. Msomaji wa leo anaweza kudhani ni fedha ya vocha tu. Lakini Januari kwa mkulima wa pamba ni katikati ya shimo, hela ya Juni imekwisha, ya Juni nyingine bado iko ardhini. Baba alisema dada angoje mwaka mmoja. Sidhani kama alikuwa anadanganya, nadhani aliamini kabisa. Ndama hauzwi, alisema, ndama ndiye benki. Mwaka mmoja ukawa miwili, na mwaka 2015 dada akaolewa.

Mwaka huohuo 2015 mimi nikaingia kidato cha kwanza. Mwaka 2016 serikali ikafuta ada hadi kidato cha nne. Sikuwa na akili kumzidi dada, na yeyote aliyetuona pamoja juu ya ile pamba gizani angelijua hilo. Nilizaliwa nyuma yake tu.

Hayo yote niliyakumbuka pale chini ya mwembe baada ya bibi kuniuliza shujaa wangu ana mikono mingapi. Nikamsomea stakabadhi hata hivyo, maana nimetoka nazo mbali. Nilisoma mwaka, uzito, fedha. Mwaka fulani wa mapema miaka ya 1970, bunda ni nene, uzito ni mkubwa kuliko wote. Bibi akanisimamisha. "Huo ndio mwaka niliojifungua shangazi yako shambani." Nikasoma mwingine. "Huo babu yako alikuwa anaumwa mguu. Hakugusa shamba. Soma tena jina." Nikasoma tena jina. Lilikuwa la babu, herufi kubwa. Akatikisa kichwa polepole, siyo kwa hasira, kama mtu anayesikiliza hesabu ya ng'ombe zake na kusikia mmoja hayupo.

Nikamwuliza kama aliwahi hata mara moja kuuza pamba kwa jina lake. Akasema chamani walikuwa wanaandika mwenye shamba. Nikamwuliza shamba lilikuwa la nani. "Mjukuu wangu," akasema, "hilo swali ungemwuliza babu yako akiwa hai. Sasa nisaidie viazi."

Simkani Bomani wala wale wapimaji wa magulioni. Bila wao babu asingekuwa hata na karatasi ya kuficha kwenye sanduku. Walidai mzigo wa mkulima upimwe kwa haki, wakashinda, na ushindi ule ulikuwa wa kweli. Ninachosema ni kwamba mkulima waliyempima alikuwa tayari ni jumla. Ndani ya ratili zake mlikuwa na mwanamke mwenye mtoto mgongoni, msichana wa mikono miwili, na kivulana mlalamishi, na mizani ile iliwapima wote kwa mpigo mmoja na kuwapa jina moja. Mzozo wa gulioni ulipata chama, bendera na waziri. Mzozo mwingine ulibaki chumbani ambako kibatari hakikuruhusiwa.

Na hakuna kumbukumbu yake. Au niseme ilikuwepo moja. Dada alikuwa na tabia ya kuchora kwa mkaa ukutani, juu ya mahali tulipokuwa tunalala, kila kikapu alichochuma siku ile. Vijiti vinne na cha tano kinakata. Alianza bila kusema kwa nini, msimu ule wa 2012, na ukuta ule wa udongo ulijaa kutoka sakafuni hadi nilipokuwa sifikii. Nilipokwenda 2019 nilitaka kuupiga picha. Nyumba ile ilikuwa imeanguka kwa mvua, baba amejenga nyingine ya tofali za kuchoma, na pale palipokuwa na ukuta mama amepanda maboga.

Dada siku hizi anakaa huku huku Mwanza, Igoma, anauza nyanya na vitunguu. Juzi nilikwenda kwake na daftari. Nikamkuta anapanga mafungu, watoto wake wawili wanafanya kazi za shule juu ya kreti lililogeuzwa. Nikamwambia naandika habari za pamba, na ule ukuta umeanguka, je anakumbuka chochote?

Alikuwa anampa mteja chenji. Hakugeuka.

"Vikapu 187," alisema. "Mwaka ule wa maji. Andika na vyako, mdogo wangu, vilikuwa 61, nilikuwa nakuhesabia."

Nimeandika.